Funguo za Chumba cha Taa

Watu wa ukumbini kwetu humwita Giza, na yeye huitika. Mgeni akisikia hudhani ni tusi, kwa sababu mwanamke huyu kazi yake ni taa. Ni mbunifu wa taa za jukwaa. Kila mchezo unapowekwa, yeye ndiye anayeamua nani aonekane, aonekane kwa rangi gani, mwanga umjie kutoka upande upi na umwache lini. Jina hilo alilipata ujanani, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo asije mtu kunisimulia.

Mimi ni fundi wa maleba, nguo zile wanazovaa waigizaji. Giza huniita Sindano, na si kwa sababu nashona. Tumegombana tangu siku tuliyojuana, na ugomvi wetu ni ule ule. Mimi nahangaika kutia kitambaa rangi, yeye anakuja kukimwagia rangi nyingine kwa juu. Nitapeleka gauni la kijani lililonitoa jasho, yeye atawasha taa nyekundu, na gauni litageuka jeusi kama sufuria ya kuni. Nikipiga kelele ananijibu bila hata kugeuka:

"Dada, wewe shona. Mambo ya macho waachie wenye macho."

Alirithi kichwa kigumu, tena kwa haki. Baba yake alikuwa fundi umeme, mtu wa kutandika nyaya kwenye nyumba za watu, na alimfundisha binti yake kuunga waya akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Alitaka washirikiane duka. Lakini siku moja alimtuma ukumbini kwetu kubadilisha swichi iliyoungua, na binti hakurudi dukani tena, isipokuwa kuomba koleo.

Siku zile taa za jukwaa ziliwashwa zote mchezo ukianza na kuzimwa zote ukiisha, kama taa za soko. Giza aliwekwa kwenye chumba cha taa, kile kijumba cha juu nyuma ya viti, akae tu karibu na swichi asubiri kuambiwa. Mchezo wenyewe ulikuwa na mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amekufa. Mwongozaji alitaka mwanga wa kutosha, kila mtu aone machozi ya mwigizaji wake. Ilipofika pale mama anapiga ukelele, binti wa fundi umeme akazima kila kitu.

Ukumbi mzima ukawa giza tupu. Ikabaki sauti ya yule mama peke yake, hujui imetoka jukwaani au kwenye kiti cha jirani yako. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na pini mdomoni, na nywele zilinisimama. Mwongozaji alipanda kwenye chumba cha taa macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Giza wewe! Giza mkubwa wewe! Umenimaliza!"

Chini huku watu walikuwa wanalia hadharani, wanaume kwa wanawake. Kesho yake mwongozaji akarudi, sauti imeshuka.

"Lile giza lako la jana," alisema. "Lilete na leo."

"Ningelileta hata ungekataa," Giza alimjibu.

Baba yake alikuja kutazama naye. Alipotoka alikuwa amenuna. "Mimi nimekufundisha umeme ili watu waone, wewe unawazimia?" Giza akamwambia, "Baba, wameona." Tangu hapo kila mchezo ulipofunguliwa mzee alikaa kiti cha nyuma kabisa, chini ya chumba cha taa, akigeuka kila mara kumtazama bintiye badala ya jukwaa.

Hapo ndipo Giza alipokabidhiwa funguo za kile chumba. Alizitia kwenye uzi akazivaa shingoni. Ameolewa nazo, amezaa nazo, amemzika mume nazo, na hajawahi kumpa mtu yeyote azishike. Waongozaji wamekuja na kuondoka, mameneja wamekuja na kuondoka, na wote walipofika waliambiwa jambo moja, kwamba chumba kile hakina funguo za akiba. Uongo mtupu, lakini alivyokuwa akiusema, nani angethubutu kubisha?

Tulikuwa na utaratibu wetu wa kazi, wangu na wake. Kabla hajapanga taa za mchezo mpya, mimi napigilia vipande vya vitambaa vyote vya maleba kwenye ubao mmoja mrefu. Yeye anakuja kwenye chumba changu cha kushonea, anauangalia ubao mchana kweupe dirishani, kisha tunaupeleka jukwaani na kuumulika kwa kila rangi. Zile rangi ni karatasi laini za plastiki zinazowekwa kwenye fremu mbele ya taa. Akibadilisha karatasi, vitambaa vyangu vinabadilika, mimi nafoka, yeye anacheka, na mwisho mmoja wetu anakubali kupoteza. Mara nyingi ni mimi.

Sasa sikiliza mambo yalivyoanza kwenda mrama.

Tulifungua mchezo wenye bibi harusi. Gauni lake jeupe nililishona kwa mikono, jeupe la kuumiza macho. Jukwaani likatoka la bluu, kama limesahauliwa kwenye maji ya bluu ya kufulia. Nyuso za waigizaji nazo zilikuwa kama za watu waliotolewa mtoni. Nilipanda kwenye chumba cha taa damu inanichemka.

"Umemfanya nini bibi harusi wangu?"

"Nimemfanya nini? Bado kidogo hata haujakolea huo mwanga," alisema, na akaongeza bluu mbele ya macho yangu.

Nilidhani ananichokoza. Mchezo uliofuata ukawa bluu, na uliofuata pia. Watazamaji wakaanza kunong'ona. Meneja wetu wa sasa ni kijana mwenye heshima zake, mwenye kuamkia mpaka wafagiaji, na siku moja alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza, "Mama, hivi na wewe unaona ninachoona?" Nikamwambia sioni kitu. Sikuwa tayari kumsema mwenzangu kwa mtu ambaye tumemzidi umri kwa mbali. Lakini kijana alikuwa na macho yake mazuri na alikuwa sahihi, hilo lazima nilitamke.

Ukweli niliupata kwenye ubao. Tulikuwa tunaandaa mchezo wa familia inayogombania nyumba ya urithi, siku moja tu ya kelele kuanzia alfajiri hadi magharibi. Giza alikuja chumbani kwangu asubuhi, jua limejaa dirishani. Akapitisha kidole kwenye vitambaa, akasimama.

"Hapa umeweka cheusi mara mbili. Kimoja kiondoe."

Kimoja kilikuwa cheusi. Cha pili kilikuwa bluu iliyokoza, suti ya mtoto mkubwa wa familia. Hata mlevi angevitofautisha. Nikajifanya nimeshika pindo kwa mikono yote miwili.

"Hebu nipe ule uzi mweupe hapo mezani."

Pale mezani palikuwa na mweupe na wa njano hafifu. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko uzi unavyostahili, kisha akanipa wa njano. Bluu haikuwa imezidi hata siku moja machoni pake. Ilikuwa haimfikii, naye alikuwa akiiongeza na kuiongeza akiitafuta.

"Giza," nikamwambia, "huu ni wa njano."

Akazishika zile funguo kifuani kwake.

"Ukimwambia mtu, mimi na wewe tumekwisha."

Jioni ile nilikwenda kwa binti yake, ambaye huniita mama mdogo. Alinikaribisha jikoni, akazima jiko, akakaa.

"Mama mdogo, mimi nimejua zamani. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wanamtoa siku hizi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Unajua amenijibu nini? Eti, 'Katika umri huu nizae tena?'"

Nilicheka, naye akacheka, kisha akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

"Ni babu," alisema. "Babu alipasuliwa, jicho likaingia uchafu, akapofuka moja kwa moja. Mama ndiye aliyekuwa anamshika mkono mpaka chooni. Anaogopa, mama mdogo. Anaogopa na hataki mtu ajue anaogopa."

Nilikumbuka. Mzee alipopofuka aliendelea kuja kwenye kiti chake cha nyuma, anaegemea ukuta chini ya chumba cha taa, na Giza alimwelezea onyesho lote kwa kunong'ona kutoka kwenye dirisha dogo. Sasa imezimika, Baba. Sasa imewaka kushoto. Nani asingeogopa?

Lakini Meneja hakuwa na habari hizo, na tangazo la mchezo mpya lilikuwa limeshabandikwa. Alituita wote ukumbini, waigizaji, mafundi, kila mtu, kabla ya mazoezi. Aliongea kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyouma zaidi.

"Mama, tunakuheshimu. Lakini watu wanalalamika kuhusu mwanga, na mimi mwenyewe nauona. Nimezungumza na mbunifu mwingine kutoka nje, yuko tayari kuja. Ama uniletee neno la daktari kwamba macho yako hayana tatizo, ama nakuomba unikabidhi funguo."

Nilimtazama Giza nikidhani atakana, au ataondoka zake. Alisimama kwenye kiti chake, mwanamke mfupi tu, mkono kiunoni.

"Daktari wa nini? Nitakwambia mwenyewe. Sioni bluu. Nyeusi na bluu kwangu ni ndugu pacha, na nyeupe na njano siziamini tena. Haya, umesikia. Wote mmesikia. Nani mwingine hapa anataka kuuliza?"

Meneja alimeza mate.

"Basi, Mama..."

"Sijamaliza. Hospitali nitakwenda. Nitakwenda mchezo huu ukishafunguliwa, si kabla. Nikienda kabla nikarudi kama baba yangu, onyesho langu la mwisho mtakuwa mmenipa lile la bibi harusi wa bluu? Mimi? Thubutu! Huu mchezo nauwasha mimi, na ukiona kosa moja, moja tu, njoo juu uzivute hizi funguo shingoni kwangu. Leo hazitoki."

"Utauwashaje na rangi huzioni?"

"Rangi chukueni," alisema. "Kivuli hamnipati."

Akaenda kwenye ngazi ya taa. Alishakatazwa kuipanda, na binti yake, na mimi, na huyo huyo Meneja. Alipanda mpaka taa ya kwanza, akachomoa karatasi ya rangi kwenye fremu, akaiachia ikaelea mpaka sakafuni. Akachomoa ya pili. Meneja alikuwa chini ameishika ngazi kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka.

"Mama, shuka! Tafadhali, Mama!"

"Nikishuka nashuka na zote!"

Jukwaa likajaa vipande vya rangi, nyekundu, njano, bluu nyingi kupita kiasi, vimelala kama takataka za sherehe. Alipomaliza hakuna taa iliyobaki na rangi hata moja. Zote zilikuwa uchi.

Mimi ndiye niliyefoka wa kwanza. "Giza, una wazimu! Taa tupu itaonyesha kila uzi, kila kiraka!"

"Basi kashone vizuri," alisema, na ukumbi mzima ukanicheka. Nilirudi chumbani kwangu nikafumua mapindo karibu yote, nikiyashona upya kwa hasira.

Wiki ile alifanya kazi kama mtu anayepigana. Mchezo ulianza alfajiri ukaisha magharibi, na kila mtu anajua alfajiri jukwaani ni karatasi ya waridi na magharibi ni karatasi ya bluu. Yeye hakuwa nazo. Alichofanya ni kushusha taa moja mpaka karibu na sakafu, upande wa kushoto, ikatupa vivuli virefu vya viti mpaka ukutani, na ghafla ilikuwa alfajiri, ungeapa unasikia baridi. Mchana aliuleta kwa taa za juu kabisa, vivuli vikajikusanya chini ya miguu ya watu, na waigizaji wenyewe wakaanza kujipangusa jasho bila kuambiwa. Jua alilihamisha kidogo kidogo kutoka taa moja hadi nyingine, na kila lilipohama, uso wa mtu fulani uliingia kivulini kabla hajasema uongo wake. Meneja alikuja kila siku akikaa viti tofauti, akitafuta kosa. Alilitafuta kwa haki, na sikumchukia.

Siku ya ufunguzi Giza aliniita juu. Kukaa kwenye kile chumba alishanipiga marufuku miaka mingi, kwa madai kwamba napumua kwa kelele.

"Kaa hapo," alisema. "Usiguse kitu."

Chini ukumbi ulikuwa umejaa. Taa zikazimika, ikaja ile alfajiri ya sakafuni, na mlangoni akatokea mjane, mwenye nyumba inayogombaniwa, amevaa gauni langu la kijani. Lile gauni nililichovya, nikalianika, nikalichovya tena, hadi nikapata kijani ya jani changa lililonyeshewa. Na sasa nililiona jukwaani. Halikuwa jeusi, halikuwa la kahawia, halikuwa limezama kwenye wekundu wa mtu mwingine. Lilikuwa lile lile lililotoka kwenye beseni langu. Suti ya mtoto mkubwa ilikuwa bluu, na kilemba cha shangazi mtu kilikuwa zambarau. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa sijaona rangi zangu zikisimama mbele ya watu zenyewe.

Giza hakuondoa mikono kwenye swichi. Alikuwa akitazama jukwaani kwa kukaza macho.

"Ile kijani yako," aliniuliza taratibu. "Ikoje?"

Nilitaka kumwelezea, machozi yakanitangulia. "Iko kama nilivyoitaka," nikasema.

"Basi usilie hapa. Utanilowanishia swichi."

Mwishoni, pale mjane anapobaki peke yake na kuapa kwamba hahami nyumbani mwake kwa ajili ya mtu yeyote, Giza alipunguza taa moja moja hadi kikabaki kivuli cha yule mama ukutani, kikubwa kuliko nyumba. Halafu akazima. Watu hawakupiga makofi mara moja. Walikaa gizani kwanza, na niliwajua, kwa sababu nilishawahi kukaa nao ujanani. Kisha ukumbi ukalipuka.

Meneja alipanda juu. Alisimama mlangoni, na Giza akainua kidevu, akazitoa funguo nje ya kola zionekane.

"Umeona kosa?"

"Sijaona, Mama." Akakohoa. "Nenda hospitali. Hiki kiti hakikaliwi na mtu mpaka urudi."

"Nilikuwa sijakuomba ruhusa ya kurudi," alisema. Lakini kijana alipogeuka kushuka, niliushika mkono wa Giza juu ya meza, naye kwa mara ya kwanza hakuuchomoa.

Tulikwenda naye, mimi na binti yake. Mlangoni kwa daktari muuguzi alimwambia avue kila kitu cha shingoni, akakataa, wakabishana, mwisho akanivisha mimi zile funguo kwa mkono wake. "Ukizipoteza nitakunyonga hata nikiwa kipofu," alisema. Alikuwa na hofu iliyomkausha midomo. Nilikaa kwenye benchi nimezikamata mpaka zikaniacha alama kiganjani.

Walipomfungua bandeji ya jicho la kwanza, alitazama dirisha, akatazama shuka, akamtazama binti yake.

"Mbona hamkuniambia kuna bluu yote hii?" alisema, na binti akaangua kilio cha furaha. Mimi nilivuliwa funguo hapo hapo, hata asante sikupata.

Hakutaka kwenda nyumbani. Alitaka ukumbini, na alitaka gauni la kijani. Nilimtundikia katikati ya jukwaa tupu, mchana, akawasha taa moja isiyo na rangi, akashuka akasimama mbele yake.

"Hii ndiyo uliyokuwa unanipigia kelele miaka yote?"

"Ndiyo hiyo."

"Ulikuwa na haki, Sindano." Akaligusa pindo, akalitazama kwa jicho lake jipya, kwa upole nisiowahi kuuona kwake. Kisha akazishika funguo, akageuka kuelekea chumba cha taa.

"Sasa nimeiona," alisema. "Kaa hapo hapo, nakwenda kuleta nyekundu."

Nilianza kupiga kelele kabla hajafika kwenye ngazi, na sijawahi kupiga kelele kwa furaha kama ile.